Chambo Chenye Roho: Somo Juu ya Samaki Wadogo Wafugwao Kutiwa Ndoanani

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewatandikia waja wake bahari na maziwa, akawahalalishia yaliyomo, na akawaamrisha rehema katika kila walichopewa uwezo juu yake. Na sala na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Jua, ewe ndugu yangu, ya kuwa somo hili linaandikwa Rubya, katika wilaya ya Muleba, kusini ya Bukoba, mahali penye migomba na vilima, ambapo mtu akishuka upande wa mashariki hulikuta Ziwa Viktoria na visiwa vyake, kama Bumbire na Goziba na Ikuza. Nanyi wasomaji wetu wengi ni watu wa pwani, mnaojua bahari kuliko mimi. Lakini mas-ala hii imezuka huku, na mtaona mwisho wa somo ya kuwa na ninyi pia imekufikieni.

SABABU YA KUANDIKA

Alinijia kijana mmoja baada ya sala ya alasiri. Alisoma msahafu kwangu utotoni, na sasa ni mvuvi wa visiwani. Akasema, "Maalim, nina shida. Mwenzangu mmoja ameniambia ya kuwa chumo langu ni haramu, kwa kuwa namtia ndoanani samaki aliye hai. Nami nina mama na watoto watatu, wote wala kwa mkono huu. Nifanyeje?"

Nikamjibu kwa haraka, kama ajibuvyo mtu aliyezoea kuulizwa, "Samaki ni halali, hai na maiti. Nenda kavue, wala usimsikilize."

Hakuondoka. Akainamisha kichwa, kisha akasema kwa adabu, "Hilo la samaki mkubwa nimelifahamu, maalim. Mimi nauliza juu ya yule mdogo."

Basi nikanyamaza, nikatambua ya kuwa nimejibu suala ambalo sikuulizwa. Nikamtaka anipe muda. Nikafungua vitabu, na kisha nikashuka naye mpaka ufukoni, nikaona kwa macho yangu ndoo za chambo, na ndoana, na kazi yenyewe. Haya yafuatayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyasoma.

FASILI YA KWANZA: KHABARI YA SANGARA NA CHAMBO CHAKE

Samaki mkubwa wa ziwa hili ni sangara. Watu wa upande wa Kenya humwita mbuta, na wa Uganda mputa. Asili yake si ya hapa, bali aliletwa na wanadamu katika miaka ya 1950 na 1960. Ilipofika miaka ya 1980 alikuwa amekwisha lienea ziwa, na furu, samaki wadogo waliokuwa wa aina mamia, wakapungua sana, na aina nyingi zikatoweka. Sangara aliyekomaa huweza kupita kilo 100. Minofu yake husafirishwa mpaka Ulaya, na bondo lake huuzwa Uchina kwa bei iipitayo nyama. Kwa hiyo riziki za watu wengi zimefungamana naye.

Huvuliwa kwa nyavu, na huvuliwa kwa kamba ndefu yenye ndoana nyingi, ambayo watu wa ziwa huiita migonzo, nanyi wa pwani huiita dhulumati. Kamba moja huweza kuwa na ndoana mamia, na kila ndoana yataka chambo chake. Tena sangara ni mwindaji, humfuata kiumbe kinachotikisika majini, na kipande cha nyama kisichotikisika mara nyingi hukipita. Ndiyo maana wavuvi wakataka chambo kilicho hai.

Na katika samaki wadogo wote, waliyemkuta afaa zaidi ni kambare mumi. Mwenyezi Mungu amemuumba na kiungo cha ziada karibu na mashavu yake, ambacho kwacho huvuta hewa juu ya maji. Kwa hiyo huishi katika maji machache na mabaya ambamo samaki wengine wangekufa, huvumilia safari ndani ya ndoo, na huendelea kutikisika ndoanani kwa muda mrefu. Zingatia hapa, ewe ndugu yangu: sifa ileile imfanyayo awe chambo bora ndiyo imfanyayo akae muda mrefu katika maumivu. Nasi tutairejea nukta hii.

FASILI YA PILI: KWA NINI AFUGWE

Zamani kambare hawa wadogo walitafutwa katika vinamasi na vijito na penye mafunjo kandokando ya ziwa, na mpaka leo wako watafutao huko. Mahali hapo ndipo samaki wengi hutagia, na ndipo wachanga hujificha wasiliwe. Mtu akikokota humo wavu wa matundu madogo, au chandarua cha mbu, hutoa kambare anaowataka, na pamoja nao hutoa sato wachanga na vifaranga vya aina nyingine asivyovitaka, akavitupa juu ya matope. Amepata chambo cha siku moja kwa kuharibu mavuno ya mwaka ujao, na mavuno yale si yake peke yake.

Ndipo wafugaji wa samaki katika nchi hizi tatu zilizungukazo ziwa wakaanza kuzalisha vifaranga vya kambare katika mabwawa na kuwauzia wavuvi. Na namna yake ni hii. Kambare jike aliyekomaa hupigwa sindano ya dawa iamshayo mayai, au ya maji ya tezi iliyotolewa katika kichwa cha kambare mwengine. Baada ya saa kadha mayai hukamuliwa tumboni. Dume hakamuliki, kwa hiyo huchinjwa, na mbegu zake zikachanganywa na mayai. Maji yakiwa na joto la kadiri, mayai huanguliwa kwa muda wa siku moja au moja na nusu. Kwa siku kama tatu vifaranga hula kiini walichozaliwa nacho, kisha hulishwa vidudu vidogo vya majini, halafu chakula cha kusagwa, mpaka wafikie urefu wa kidole na zaidi.

Mfugaji hana budi kuwachambua kila mara, wakubwa mbali na wadogo mbali, kwani kambare hula wenziwe, na mmoja aliyetangulia kukua huweza kuwamaliza wengi.

Katika kazi hii mna manufaa yaliyo wazi. Kinamasi hupumzika. Mwenye shamba hupata pato. Mvuvi hupata chambo cha urefu mmoja kwa siku aitakayo. Tena kwa kuwa kambare ni mwenyeji wa ziwa hili, hata akiponyoka ndoanani hakuingia mgeni majini. Nasi tuliokwisha ona aliyoyafanya sangara tulipasiwa kuwa na hadhari ya kuhamisha samaki kutoka maji haya kutia maji yale.

Lakini tusisifu kupita kiasi. Kambare wa bwawani naye hula, na chakula chake mara nyingi hutengenezwa kwa dagaa, nao dagaa ni kitoweo cha maskini. Basi bwawa hupunguza madhara, haliyaondoi yote.

FASILI YA TATU: HUKUMU YA SAMAKI MKUBWA

Hili ni jepesi. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Maida ametuhalalishia mawindo ya majini, na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufunza ya kuwa maji ya bahari ni tohara na maiti yake ni halali. Ziwa katika jambo hili lina hukumu ya bahari. Samaki hahitaji kuchinjwa, na katika madhehebu yetu ya Imam Shafi'i samaki wa kila namna ni halali, mwenye magamba na asiye na magamba. Kwa hiyo kambare ni halali kama sangara.

Na je, ubaya wa chambo, ukiwako, huingia katika nyama ya aliyevuliwa? La. Ibn Qudama, mwanachuoni wa madhehebu ya Hanbali aliyefariki mwaka 620 wa Hijra, ametaja katika kitabu chake Al-Mughni ya kuwa Imam Ahmad alichukia kuvua kwa chambo chenye roho kwa sababu ya kukiadhibu kiumbe, lakini aliyevuliwa kwacho ni mubaha. Tazama walivyopambanua, Mungu awarehemu. Kitendo kina hukumu yake, na nyama ina hukumu yake.

Basi aliyemwambia yule kijana kuwa chumo lake ni haramu amekosea, na amemtia ndugu yake dhiki bila ya elimu. Na mimi niliyemwambia aende tu, wala asiulize zaidi, nami nimekosea.

Mas-ala. Sangara akipasuliwa akakutwa na kambare tumboni, je, kambare yule huliwa? Jawabu: Akiwa mzima hakubadilika, huliwa. Akiwa amekwisha vurugika na kugeuka, haliwi.

FASILI YA NNE: HUKUMU YA SAMAKI MDOGO

Hapa ndipo penye suala la kijana. Jua ya kuwa uhalali wa kumla kiumbe si ruhusa ya kumtesa. Imepokewa na Imam Muslim, kwa Shaddad bin Aus, ya kuwa Mtume ametufunza wema katika kila jambo, hata katika kuchinja, kisu kinolewe na mnyama apumzishwe. Na kwa Ibn Abbas imepokewa katazo la kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha ya kutupiwa mishale. Na khabari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia mpaka akafa, imo katika Bukhari na Muslim, na hapana mtoto wa chuoni asiyeijua. Mwanamke yule hakuula mwili wa paka, wala hakumpiga. Alimfungia tu, asimlishe.

Ama samaki khasa, Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, katika Minhaj ameeleza ya kuwa asikatwe samaki kipande hali yu hai, lakini mtu akifanya hivyo, au akimmeza samaki hai, basi ni halali kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Na wenye kushereheka Minhaj wameliweka katazo hilo katika daraja ya karaha. Kumtoboa kambare kwa ndoana hali yu hai ni jambo lililo karibu na hilo, nalo tunalipima kwa mizani hiyohiyo.

Basi nilionalo mimi, baada ya kusoma na kuona, ni hili. Mahali ambapo chambo kilichokufa chatosha, kama vipande vya samaki, kutia kilicho hai ni karaha isiyo na udhuru, na Muislamu aiache. Amuue kwanza kwa pigo moja la kichwa, kisha amtie ndoanani. Na mahali ambapo hapana mavuno ila kwa chambo hai, na mtu avua kwa riziki yake na ya walio juu yake, haja hiyo huiondoa lawama, maadamu hakuzidisha maumivu juu ya kadiri ya haja. Ama mwenye kuvua kwa mchezo, akatoboa viumbe na kuvitupa ili apitishe siku yake, huyo hana haja ya kumtetea.

Na kadiri ya haja ina mipaka minne.

Kwanza, ndani ya ndoo. Kambare wasishindiliwe mpaka wakapandana, na maji yabadilishwe, na chombo kisifunikwe kikaziba hewa, kwani kambare huja juu kuvuta pumzi, naye akizuiwa hufa maji hali yu majini. Niliona ufukoni ndoo ambayo nusu ya waliokuwamo walikuwa wamekufa kabla ya chombo kushuliwa. Hao waliteswa bure, wala mvuvi hakufaidi kitu. Hiyo ni dhulma, tena ni hasara.

Pili, wakati wa kutia. Asitiwe ndoanani asubuhi kwa kamba itakayotegwa jioni. Atiwe chomboni wakati wa kutega, na atiwe katika nyama ya mgongo karibu na pezi, si jichoni wala tumboni. Wavuvi wazoefu hufanya hivi kwa kuwa samaki huogelea vizuri zaidi. Sisi twasema, wafanye hivi kwa sababu hiyo na kwa sababu ya Mungu pia.

Tatu, muda. Kamba iliyotegwa jioni ipandishwe alfajiri. Isiachwe siku ya pili na ya tatu kwa uvivu. Tumekwisha ona ya kuwa kambare hafi upesi, basi kila saa ya uvivu wa mvuvi ni saa ya adhabu ya kiumbe.

Nne, waliobaki. Chambo kisichotumika kirudishwe katika maji, au kiliwe. Kisimwagwe juu ya mchanga kikauke juani.

Na yule kambare dume achinjwaye kwa ajili ya mbegu, si vibaya, kwani ameuawa kwa manufaa. Lakini nyama yake isitupwe, huliwa.

FASILI YA TANO: BIASHARA YA CHAMBO

Kumuuza samaki mdogo kwa ajili ya chambo yajuzu, kwani ni tohara na ana manufaa yaliyo halali. Lakini angalia mas-ala tatu ambazo watu hukosea.

Ya kwanza, kumuuza samaki ndani ya bwawa. Muuzaji akisema, "Nimekuuzia kambare waliomo bwawani humu," na bwawa ni kubwa, hawashikiki ila kwa taabu, au maji ni ya matope hawaonekani, bei hiyo haisihi. Mnunuzi hakukiona alichokinunua, wala muuzaji hana hakika ya kumkabidhi. Samaki watolewe, watiwe katika karai ya maji safi waonekane, kisha wahesabiwe. Na wakiuzwa kwa kikombe, kila kikombe kwa bei kadha, hali wanaonekana, yajuzu.

Ya pili, kulipa mbele. Mvuvi humpa mfugaji fedha leo ili apewe vifaranga mwezi ujao. Mlango wake ni mlango wa salam. Fedha yote ilipwe katika kikao kilekile, na zitajwe jinsi ya samaki, na urefu wake, na hesabu yake, na siku ya kukabidhi. Wala isisemwe "kutoka bwawa hili khasa", kwani bwawa moja huweza kukauka, au kuingiwa na ndege, au samaki wakalana, na ahadi ikawa haina pa kusimama. Deni liwe juu ya dhima ya mtu, si juu ya bwawa.

Ya tatu, ghashi. Mwenye kuwachanganya waliokufa na walio hai ili hesabu itimie, na mwenye kuwauza waliovuliwa kinamasini kwa jina la waliozalishwa bwawani, wote wawili wamo katika onyo alilolitoa Mtume sokoni alipotia mkono katika chungu ya chakula akakuta unyevu chini yake. Na huyu wa pili amefanya ubaya mara mbili, amemdanganya mnunuzi na ameharibu mazazi ya samaki.

FASILI YA SITA: NENO KWA NDUGU ZETU WA PWANI

Huenda msomaji wa Mombasa au Unguja akasema, haya ni ya watu wa ziwa. Lakini mwatiko, mnayemjua vyema, hufugwa katika mabwawa ya maji ya chumvi huko Kilifi na Kwale, na Mtwara, na Unguja na Pemba. Nao watu wa Indonesia na Taiwan, waliomfuga tangu zamani kwa chakula, humkuza mwatiko mdogo na kumfanya chambo cha kuvulia jodari. Yaliyofanyika huko ni mepesi kufanyika kwenu. Basi hukumu zote zilizotangulia zitachukuliwa hivyohivyo.

Na lipo moja la kuzidisha. Kufuga si kuzalisha. Mwatiko wengi wa mabwawani kwetu hawakuzaliwa humo, bali walikusanywa wachanga katika vijito na penye mikoko, kisha wakakuzwa. Mwenye kuwakusanya bila ya kiasi, akatupa wachanga wa aina nyingine aliowapata pamoja nao, amefanya ya yule wa kinamasi, ingawa amejiita mfugaji. Manufaa makubwa ya bwawa ni pale lizaapo lenyewe, na maji ya watu wote yakaachwa yapumue.

KHATIMA

Nilimwita kijana, nikamsomea haya. Nikamwambia, "Chumo lako ni halali, na watoto wako wale bila ya wasiwasi. Lakini utaulizwa juu ya ndoo yako." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Maalim, ndoo naweza. Lakini kamba nyingine siku za upepo haipandishiki alfajiri." Nikamwambia, "Upepo si wako. Uvivu ndio wako." Akacheka, akaniaga, akaenda zake.

Tangu siku ile, wanafunzi wangu wanaponiuliza suala, huwataka kwanza walikariri tena, nisije nikajibu lile ninalolijua nikaliacha lile lililoulizwa. Na kheri hiyo nimeipata kwa mvuvi.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali, na mikono yenye huruma katika kuitafuta. Amin. Wallahu aalam.

MASWALI YA KUMJARIBU MWANAFUNZI

1. Kwa nini kambare mumi hufaa kuwa chambo, na sifa hiyo inamlazimisha mvuvi nini?
2. Eleza tofauti iliyopo baina ya hukumu ya kitendo na hukumu ya nyama.
3. Taja mipaka minne ya kadiri ya haja.
4. Mtu amenunua kambare wote waliomo katika bwawa kubwa la maji ya matope. Je, bei hiyo yasihi? Kwa nini?
5. Nini maana ya kusema, kufuga si kuzalisha?